Barua Pepe za Ghala la Ziwani na Muda wa Kuzitunza

Sifa na shukrani ni zako, Mungu Baba, uliyeinua milima hii ya Umatengo na ukalilaza ziwa chini yake, ukanijalia kuishi kote kuwili. Umenipa umri ambao sikuuomba, na macho ambayo bado yanasoma, japo kwa miwani. Ninayotaka kuyasimulia ni mambo madogo ya ofisini, lakini sijawahi kuona jambo la mwanadamu ulilolidharau, kwa hiyo ninaanza nawe.

Nilikuwa mtunza masjala wa kampuni moja ya kununua mazao hapa Mbinga. Huku juu tulinunua kahawa. Kule ziwani, Mbamba Bay, tulikuwa na ghala la mpunga na korosho. Kazi yangu ilikuwa majalada: kuyafungua, kuyapa namba, kuyafunga, na muda wake ukifika kuyatoa yakachomwe kwenye shimo la nyuma ya jengo. Niliifanya hadi nikastaafu, na nikadhani nimemalizana nayo. Mwaka wa nne wa kustaafu kwangu meneja mpya akanipigia simu.

“Shikamoo, mama. Tunatengeneza sera ya barua pepe za wafanyakazi. Ipi itunzwe, kwa muda gani, ipi ifutwe. Sheria haitaki tukae na habari za watu kuliko inavyohitajika, na sisi tunazo tangu kompyuta ya kwanza ilipoingia. Vijana wangu wanajua mashine, mama, lakini hakuna anayejua kutupa kitu.”

Nilikubali kabla hajamaliza. Yeye alidhani ni moyo wa kujitolea, akanishukuru sana. Nisikufiche wewe unayesoma: nilikuwa na sababu yangu, na sikuitaja.

Mimi ni mtoto wa ziwani. Nilizaliwa Lundo, nikaolewa huku juu kwenye baridi, na marehemu mume wangu akanifundisha kulima ngolo, yale mashimo ya mteremkoni, hadi nikazoea. Lakini mama yangu alibaki Lundo. Alipozeeka masikio yake yaliziba. Simu haikumfaa kitu. Aliishika, akaipigia kelele, akairudisha kwa mwenyewe. Kuandika hakujua. Kwa hiyo kila mwezi, alipokwenda Mbamba Bay kliniki ya presha, alipitia ghalani kwetu, akakaa kwenye gunia, na akamwambia karani wa ghala maneno ya kuniletea. Karani alikuwa mtu wa huko huko, tukiitana kaka na dada ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Yeye aliyaandika maneno ya mama chini ya taarifa yake ya mzigo, akanitumia kwa barua pepe ya kampuni.

Bado ninakumbuka namna zilivyokuwa. Juu, magunia mangapi yameingia, turubai lipi limechanika. Chini yake: “Mama anasema dagaa, usipa, wamekuwa wengi lakini jua la kuwaanika hakuna, wanaoza mikononi. Anauliza magoti yako. Anasema usimletee tena blanketi, umeshalisahau joto la huku. Anasema pia nisikuandikie kwamba amekonda, kwa hiyo sikuandikii.”

Nilizisoma mezani, mlango ukiwa wazi, nikijifanya nasoma habari za magunia.

Sikuchapisha hata moja. Mimi mwenyewe ndiye niliyebandika ukutani tangazo kwamba karatasi za ofisi si za mambo ya nyumbani, na nisingeweza kulipita tangazo langu. Nilisema zipo tu kwenye mashine, haziendi popote. Mama akafariki mvua za masika, tukamzika Lundo. Mwaka uliofuata nikastaafu, na sanduku langu la barua likafungwa na kufutwa siku ile ile, kama ilivyokuwa desturi wakati ule. Kilichobaki ni nakala zilizokuwa kwenye sanduku la karani, kwenye zile alizotuma. Naye alikuwa amestaafu muda mfupi kabla yangu, lakini sanduku lake lilisahauliwa, likabaki wazi na kila kitu ndani. Kwa miaka minne nilijua kwamba maneno ya mama yangu yamo ndani ya jengo ninalolipita kila Jumapili nikienda misa, na sina ruhusa ya kuyafikia.

Basi hiyo ndiyo sababu.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: meneja, mimi, na mtaalamu wa TEHAMA, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, mwenye haraka ya vidole. Siku ya kwanza alitufungulia kwenye ukuta orodha ya barua za miaka yote. Akaiteremsha. Akaendelea kuiteremsha. Kisha akavua miwani.

“Meneja, mpango wangu umekufa,” alisema. “Nilitaka mashine izichambue kwa vichwa vya habari. Za mzigo huku, za mishahara kule, za binafsi pale. Sasa tazameni.”

Tukatazama. Kila barua, ukurasa baada ya ukurasa, kichwa chake kilikuwa Tumsifu Yesu Kristo.

“Na majibu?” meneja aliuliza.

“Majibu yote ni Milele Amina.”

Meneja akacheka hadi akashika meza. “Yaani kampuni nzima ina barua moja tu!”

“Lakini nani aliwafundisha watu hawa?” mtaalamu alisema. “Maana si mmoja, ni vituo vyote.”

“Mimi,” nikasema.

Wakatazamana kwa adabu, kisha tukacheka wote watatu. Ni kweli nilikuwa mimi. Kompyuta zilipokuja nilipelekwa kozi ya siku tatu Songea, nikarudi kuwafundisha makarani wa vituo. Niliona pale juu pana mstari mtupu kabla ya barua kuanza, na sikuelewa ungekuwa wa nini zaidi ya salamu. Unaingiaje kwa mtu bila kupiga hodi? Nikawaambia waandike Tumsifu Yesu Kristo. Wakatii, hata wale wasiokuwa Wakatoliki.

Mtaalamu alifungua moja bila kuchagua. Karani wa kituo cha kahawa aliuliza hali za watoto, akatoa pole ya msiba, akaeleza kwamba mashine ya kupima unyevu imeharibika, akataja kuwa mke wake amejifungua salama, akaomba maturubai manane, akaaga.

“Hii ni ya kazi au ni binafsi?” aliniuliza. “Maana ya kazi tumesema tutunze miaka saba, ya binafsi tufute baada ya mwaka.”

“Ni vyote, mwanangu. Kwetu huwezi kumwomba mtu maturubai kabla hujamuuliza watoto.”

“Mashine haijui hivyo, mama.”

Hapo ndipo nilipopata nafasi yangu. Nilikuwa nimeiandaa nyumbani, kwenye karatasi. Nikasema, kwa sauti ya mtunza masjala, kwamba taarifa za ghala la ziwani zina thamani ya kihistoria. Zinaonyesha mvua, mavuno, hali ya barabara kabla ya lami. Nikapendekeza kifungu cha nne: taarifa zote za ghala la Mbamba Bay zitunzwe milele, na wastaafu waliokuwa watunza kumbukumbu waruhusiwe kuzisoma.

“Mama ameona mbali,” meneja alisema, na akaandika.

Nilitoka pale nimepata nilichokifuata, na sikufurahi. Jumuiya yetu ilisali rozari jioni ile nyumbani kwa jirani. Ilipofika zamu yangu ya kuongoza fumbo, nilipotea hesabu ya Salamu Maria mara mbili. Nilijiambia kwamba sijasema uongo. Mvua na mavuno vimo kweli katika zile taarifa. Lakini nilijua nilivyokuwa nimesema ukweli mmoja ili kuuficha mwingine, na mtu aliyefundishwa katekisimu tangu utoto hawezi kujifanya hajui hilo linaitwaje.

Sera yenyewe ilitaka kila aliyeandika barua apewe taarifa na siku thelathini za kutoa maoni, hata kama amestaafu. Simu ya karani haikupatikana. Nikasema nitampelekea barua kwa mkono.

Aliishi Kihagara. Niliondoka Mbinga asubuhi na sweta, nikalivua tulipoanza kuteremka. Kuna kona moja ambako ziwa linatokea lote kwa mara moja, na hapo huwa naacha kuongea. Abiria wa kando yangu alikuwa akinisimulia bei ya mbolea. Sijui aliishia wapi. Mbamba Bay nilibadili gari. Watu waliposalimiana stendi kwa Kinyasa, lugha ya kwetu ziwani, niligeuka kuitikia hata salamu isiyo yangu, maana huku juu hakuna anayenisalimu hivyo.

Karani nilimkuta akimenya muhogo na mke wake nje ya nyumba.

“Dada! Umeshuka!” alipaza sauti. “Nilidhani Wamatengo wamekupanda pamoja na kahawa, umeshatoa mizizi.”

“Mizizi ninayo, kaka, ila magoti ndiyo yameoza.”

“Hayo magoti nayajua. Nimeyaandika sana.”

Tulicheka. Mke wake akaniletea kigoda na maji ya kunywa. Nikampa kaka barua ya ofisi. Alitafuta miwani, akaisoma mara moja, akairudia taratibu, kidole kikifuata mstari.

“Kifungu cha nne,” alisema. “Nani kaandika milele?”

“Mimi.”

“Milele ni ya Mungu, dada. Kampuni miaka saba inaitosha.”

Nilidhani anatania. Nikaanza kumweleza habari za mvua na mavuno. Aliniacha niseme hadi nikaishiwa. Kisha akamwomba mke wake aende kuangalia moto, na mke wake akaelewa, akaondoka.

“Unakumbuka mwaka ule mwanangu alipougua?” aliniuliza.

Nilikumbuka.

“Niliomba ruhusa kwa nani?”

“Kwangu, nimpelekee meneja wa wakati ule.”

“Niliiandika wapi?”

Aliiandika mahali alipoandika kila kitu, katikati ya taarifa ya ghala. Kwa miezi mingi aliandika ugonjwa wa binti yake kwa jina lake, alichofanya mbele za watu, dawa alizopewa, na jinsi mumewe alivyomkimbia. Aliandika hivyo kwa sababu mimi nilikuwa dada, na kwa sababu huwezi kutaja magunia ukaacha kumtaja mtoto. Sitautaja ugonjwa huo hapa, maana ningekuwa narudia kosa lile lile.

“Sasa amepona,” alisema. “Mungu amemponya. Na yuko pale pale kampuni, mapokezi. Wewe umempita ulipoingia kamatini, amekuamkia, alinieleza mwenyewe alipokuja kunisalimu. Unataka zile barua zikae milele, kila atakayepewa funguo azisome?”

Binti yule alinipa kiti siku ile. Aliniuliza kama ningependa chai.

Nilikuwa nimesahau. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo kuliko hila yangu ya kifungu cha nne. Barua zile zile zilizobeba maneno ya mama yangu chini, zilibeba machozi ya mwenzangu katikati. Ya kwangu niliyasoma mara nyingi hadi nikayashika kwa moyo. Ya kwake niliyasoma mara moja, nikamwandikia pole, nikaendelea.

“Kaka, nisamehe,” nilisema. “Si habari za mvua. Ni mama.”

“Nilijua tangu ulipoitoa hiyo bahasha kwenye mkoba.”

Sikumwomba kitu, maana ningemwomba nini? Mke wake akaleta ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa ziwani, tukala, tukaongea habari za wajukuu. Aliponisindikiza barabarani ndipo aliposema: “Wafute zote. Lakini waambie wanisubiri, nitapanda huko kwanza.”

Nilirudi kamatini na kuwaambia wenzangu ukweli wote isipokuwa siri ya binti. Nilisema kifungu cha nne nilikiandika kwa ajili yangu, si kwa ajili ya historia, na ninaomba kifutwe. Meneja alikipiga mstari wa kukifuta.

“Mama, ungenyamaza tu nisingejua kamwe.”

“Ndiyo maana nimesema.”

Mtaalamu alinisogezea kikombe changu karibu. Kisha tukaandika upya. Ilituchukua siku mbili, na ninaamini ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya nikiwa kazini. Idadi za mzigo zitolewe kwenye barua na kuingizwa kwenye rejista, rejista itunzwe miaka saba. Barua iliyochanganya kazi na nyumba ihesabiwe kuwa ya nyumbani, na ifutwe. Aliyeiandika apewe kwanza nafasi ya kuisoma faraghani na kuchukua kilicho chake. Hakuna mwingine wa kuchukua, hata aliyeandikiwa, ila kwa ridhaa yake. Mstari huo wa mwisho niliupendekeza mimi, nikijua aliyeandikiwa ni mimi.

Karani alipanda Mbinga asubuhi ya Alhamisi, amevaa koti la harusi ya mwanawe. Binti yake alimpokea mapokezi, akamshika mkono hadi mlangoni, akarudi mezani kwake. Mtaalamu alimfungulia sanduku lake, akamwonyesha kitufe cha kufuta, akatoka; kaka akaniomba nibaki, nikafunga mlango.

“Kaa upande ule,” kaka aliniambia, “usione kioo.”

Nikakaa upande ule. Alisogeza barua moja moja, midomo ikitembea bila sauti. Alipofika kwenye maneno ya mama alisafisha koo.

“Mama anasema,” alisoma, “mwaka huu ziwa limesogea hadi kwenye mti wa...” Akasita. Akaondoa macho kwenye kioo. “Hapana. Hakusema hivyo.”

“Alisemaje?”

Akanieleza kwa Kinyasa.

Sijui kama nitaweza kulieleza hili vizuri. Barua zote zilikuwa za Kiswahili, maana ndiyo lugha ya kampuni, na karani alikuwa mtu wa utaratibu. Mama yangu hakujua Kiswahili zaidi ya sala na salamu. Kila neno lake lilipita kwa kaka, likageuzwa, likanyooshwa, likaandikwa kama taarifa. Miaka yote niliyozisoma zile barua sikuliwaza hilo hata siku moja. Niliyokuwa nikiyalilia kwenye mashine hayakuwa maneno ya mama. Yalikuwa ya karani mwema. Ya mama yalikuwa kwenye kichwa cha mzee huyu aliyevaa koti la harusi.

Aliendelea. Alitazama mistari ya Kiswahili ili ajikumbushe, kisha akainua uso na kusema kama mama alivyosema: utani wake, namna alivyokatisha sentensi katikati na kuguna, matusi madogo aliyomtukania jogoo wa jirani ambayo karani aliona aibu kuyaandika. Palipokuwa na alichokuwa amesahau alisema, “Hii imenipotea, dada,” na hakunibunia. Zilikuwa nyingi zilizompotea. Mara tatu alipita barua nzima kimya, kiganja kikiwa kwenye kioo ingawa nilikuwa siwezi kuona, na nikajua anapita kwa binti yake. Niliangalia dirishani. Ukungu ulikuwa bado haujaachia kilima, na wanawake walikuwa wakishuka sokoni na maharage.

Nilimwomba arudie moja tu. Ilikuwa ya mwezi wa mwisho kabla mama hajalala kitandani, na haikuwa na jambo lolote kubwa. Aliuliza kama bado ninakula samaki au wamenizoesha nyama. Akairudia.

“Zimeisha,” alisema mwishowe.

“Asante, kaka.”

“Nifute?”

“Ni zako.”

Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Alicheka kidogo, akasema hata padre hakumuuliza hivyo siku ya ndoa, akabonyeza. Orodha ile yote ya Tumsifu Yesu Kristo ikaondoka kwa mkupuo mmoja, kukabaki weupe. Nilisubiri nione moyo wangu utafanya nini. Uliuma, kama ulivyopaswa kuuma.

Tulikula chapati na chai na binti yake wakati wa mapumziko. Alitania koti la baba yake, baba naye akatania nywele zake. Saa nane kaka alipata gari la kushuka.

Sera ilipitishwa na inatumika. Mimi nimerudi kwenye kahawa yangu na wajukuu. Watoto wangu wanasema Kimatengo na Kiswahili. Kinyasa wanakisikia kama mlio wa nyumba ya jirani, na si kosa lao, mimi ndiye sikuwafundisha. Kwa hiyo asubuhi, baada ya sala, ninapokoka moto, huyarudia maneno yale ya mama kuhusu samaki kwa sauti ndogo, ili yasinipotee na mimi pia. Siku nyingine huwa na uhakika nayo. Siku nyingine neno moja huteleza, nikasimama na kuni mkononi, nikilitafuta upande wa ziwa, ambalo kutoka hapa halionekani.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akutunzie unaowapenda wangali wanasema, akupe masikio ya kuwasikia na siri za wenzako uzibebe kwa upole. Na yale yaliyokupotea, ayashike Yeye mkononi mwake hadi siku mtakapoonana. Amina.